Maafikiano ya Watu Watatu

(Hotuba kwa wanachama wa tawi)



Nimepewa dakika chache, nami sitazunguka. Mmesikia kwamba tajiri, Serikali na shirika moja la msaada wanataka chama chetu kitie sahihi mpango wa kufundisha vijana kazi ya karakana. Sisi tunaombwa tusidai nyongeza mpaka mafunzo yaishe. Kabla ya kushika kalamu, tuangalie jambo lililokwisha fanyika katika nchi hii hii.

Mwaka 1964, Kenya ikiwa changa, watu wasio na kazi walikuwa wengi mno. Serikali, waajiri na vyama vya wafanya kazi wakaafikiana. Waajiri wakaahidi kuongeza watu kwa asilimia 10, Serikali asilimia 15. Wafanya kazi wakaahidi mwaka mzima bila mgomo wala nyongeza ya mshahara. Watu zaidi ya 200,000 wakajiandikisha kutafuta kazi, na wengine walitoka mashambani kwa kusikia habari hiyo tu. Maelfu waliandikwa kweli. Lakini faida haikudumu, kwani mtu alipoacha kazi au kustaafu, mara nyingi nafasi yake haikujazwa. Mwaka 1970 maafikiano ya namna hiyo yakafanywa tena.

Sasa tazameni. Ahadi ya mfanya kazi ilionekana kila mwisho wa mwezi katika bahasha ya mshahara. Ahadi ya tajiri ilikaa katika kitabu chake mwenyewe. Asilimia 10 ya watu wangapi, waliohesabiwa siku gani?

Sisemi tukatae. Vijana wanaoshinda nje ya lango ni watoto wetu, na shirika hili linaleta vyombo ambavyo karakana haina (na chai yao, lazima niseme, ni nzuri). Lakini nataka karatasi iseme jina la kila kijana na tarehe aliyoandikwa, na katibu wetu aione rejista kila mwezi. Fundi akistaafu, nafasi yake ijazwe mbali na hesabu ya vijana hao. Tajiri akikawia miezi mitatu, nasi tuwe huru kudai nyongeza.

Shirika nalo, fedha zake zikiisha, nani atawalipa vijana? Nimeuliza mara mbili, sijajibiwa. Naomba katibu aandike barua kesho, na sahihi ingoje mpaka jibu lisomwe hapa mkutanoni.