Ukakasi Hauna Rangi

Hoja iliyouzaa mhadhara huu husikika mezani na hata katika vyumba vya semina: kwamba maneno ya waonja mvinyo ni porojo, na kwamba utafiti wa Bordeaux, Ufaransa, ulishalithibitisha hilo. Kinachotajwa ni jaribio la Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, lililochapishwa mwaka 2001. Wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Basi, wanasema wabishi, ulimi ni mwongo.

Wabishi hao hawakusoma mpaka mwisho. Siku ya jaribio wanafunzi walikuwa na glasi mbili, nyeupe na ile ya rangi, pamoja na orodha ya maneno waliyoyatumia awali kueleza mvinyo mweupe na mwekundu wa kweli. Kwa kila neno walitakiwa kuonyesha ni glasi ipi inayolibeba zaidi. Mtu akiambiwa aligawe neno "karafuu" kati ya glasi mbili zenye mvinyo uleule, ataegemea nini kama si rangi? Jicho lina nguvu, na mhadhiri analikubali hilo bila kinyongo. Ila utafiti wenyewe ulihusu harufu. Yanayotokea ulimini ni mengine.

Tanini, iliyomo katika maganda na mbegu za zabibu, hunasa protini za mate. Mate yakapoteza utelezi, ulimi ukakwaruza. Mswahili huita hali hiyo ukakasi tangu utotoni, kwa ndizi mbichi au zambarau changa. Ugwadu ni jambo jingine: ule wa ukwaju na embe bichi, unaotia meno ganzi. Mmoja hukausha kinywa, mwingine hukijaza mate. Mtu anaweza kufumba macho na bado akavitenganisha.

Hata kwa harufu, wabishi wameharakisha. Mwaka 2008 watafiti wa Australia waliitambua rotundoni, inayoupa mvinyo wa Shiraz harufu ya pilipili manga. Ni kemikali ileile iliyomo ndani ya pilipili manga yenyewe. Karibu mtu mmoja kati ya watano waliopimwa hakuinusa hata ilipozidishwa. Kumbe waonjaji wawili wanaweza kupingana, na wote wakawa wakweli.

Aliyeyapanga maneno haya vizuri kuliko wote ni Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Gurudumu lake la harufu, lililoandaliwa miaka ya 1980, huanza katikati na maneno mapana, kama matunda au viungo, kisha husogea ukingoni kwenye vitu vinavyoshikika: karafuu, pilipili manga, asali. Maneno ya sifa tupu, kama "maridadi", aliyaacha nje. Uzuri wake zaidi huonekana jikoni: mwalimu hutia kitu halisi kidogo katika mvinyo usio na harufu kali, mwanafunzi akanusa, neno likapata mwili. Karafuu ya gurudumu hilo ndiyo ya Pemba; katika mvinyo huletwa na mapipa ya mwaloni.

Lakini neno hupata mwili tu kwa kitu ambacho mwonjaji anakijua. Mhadhiri aliliona hilo kwenye uonjaji mmoja Dodoma, eneo la zabibu nchini Tanzania. Fomu za uonjaji zilitaja matunda ya Ulaya ambayo hakuna mezani aliyewahi kuyala. Mzee mmoja, mkulima wa zabibu, aliiacha yake tupu. Alipoulizwa, alizungusha mvinyo mwekundu wa Makutupora, huko huko Dodoma, kinywani, akameza, akapitisha ulimi kwenye meno. "Zambarau," alisema. "Ila haijaiva. Ukakasi bado."

Hakuna aliyeyaandika maneno hayo. Mhadhiri anawaomba watengenezaji wa Dodoma wayaandike nyuma ya chupa, kwa Kiswahili: ukakasi wake, ugwadu wake, na tunda ambalo mnywaji amewahi kulichuma.