Sudoku: Asili ya Neno na Asili ya Kitu



Neno nililolichagua jioni hii ni fupi: sudoku, yaani lile fumbo la miraba 81 ambamo tarakimu 1 hadi 9 hazirudiwi katika mlalo, katika wima, wala katika kisanduku cha miraba tisa. Mwanafunzi akiulizwa asili yake, hujibu upesi: “Ni la Kijapani.” Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu tu ya habari.

Mwaka 1984 Maki Kaji, mchapishaji wa jarida la mafumbo la Nikoli nchini Japani, alilipa fumbo hili jina refu: Sūji wa dokushin ni kagiru. Sūji ni tarakimu. Dokushin ni mtu asiyeoa wala kuolewa. Kwa Kiswahili chetu tungesema: tarakimu hazina budi kuwa kapera. Baadaye sentensi hiyo ilifupishwa kwa kuchukua su na doku, kama sisi tulivyopata UKIMWI kutokana na Upungufu wa Kinga Mwilini. Kwa kuwa silabi zake zote ni wazi, neno hili liliingia Kiswahilini bila kuongezewa irabu. Shadda iliangukia do, nalo likakaa katika ngeli ya I-/ZI-: sudoku hii, sudoku hizi.

Ama kitu chenyewe kina nasaba nyingine. Fumbo hili lilichapishwa Marekani mwaka 1979 kwa jina la Number Place, na wachunguzi wanamtambua Howard Garns, msanifu majengo wa Indiana, kuwa mtungaji wake. Garns alifariki mwaka 1989. Umaarufu wa dunia ulikuja baada ya tarehe 12 Novemba 2004, gazeti la The Times la London lilipoanza kulichapa kwa juhudi za Wayne Gould. Garns hakuliona jina hilo likienea.

La ajabu zaidi ni hili: kwa kuwa Nikoli ilisajili jina sudoku nchini Japani, wachapishaji wengine huko hutumia nanpure, ufupisho wa Number Place. Hivyo Mwingereza husema Kijapani, na Mjapani husema Kiingereza!

Tusicheke sana. Sisi nasi twasema mahindi, tukiutaja Uhindi, ilhali mmea huo asili yake ni mabara ya Amerika. Neno hutuonyesha mlango ambao kitu kilipitia kuingia kwetu. Halituonyeshi daima nyumba kilimozaliwa. Mtunga kamusi anapoandika kwamba neno fulani ni la Kijapani au la Kiarabu, anaeleza safari ya neno. Tukiichukua alama hiyo kuwa cheti cha kuzaliwa kwa kitu, tutawanyima watu kama Garns haki yao, na huenda tukajinyima na sisi wenyewe.