Mahakama Jukwaani

Hotuba kwa wanaharakati na waumini wa Migori na Homa Bay



Mmetutaka sisi mawakili tuseme neno juu ya michezo mifupi ya mahakama ambayo vijana wa makanisa wanakusudia kuiigiza. Wako wanaoona kwamba huu ni mchezo wa watoto, na kwamba ni afadhali kugawa vijitabu vya sheria. Sisi tunaiunga mkono michezo hii, lakini kwa sharti moja.

Tuanze na Maandiko. Katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 21, Nabothi hakunyang'anywa shamba lake kwa upanga. Barua ziliandikwa kwa muhuri wa mfalme, mfungo ukatangazwa, wazee wakaketi, mashahidi wawili wakaletwa. Kila hatua ilitimizwa, na mtu asiye na hatia akauawa. Ndivyo udhalimu mkubwa unavyofanya kazi: huvaa joho na kufuata utaratibu. Asiyeujua utaratibu hawezi kuona ulipopindishwa.

Tazameni kesi ya Kapenguria. Walioshtakiwa mwaka 1952 walikuwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei, na mwana wa Nyanza, Ramogi Achieng' Oneko. Walisikilizwa katika darasa la shule. Hakimu alikuwapo, mkalimani alikuwapo, mashahidi walikuwapo, na upande wa utetezi uliongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza. Mpita njia angesema kwamba haki inatendeka. Lakini eneo lenyewe lilikuwa limefungwa, haliingiwi bila kibali, na mawakili walilazimika kulala Kitale. Mkalimani, Louis Leakey, alipingwa na utetezi hata akajiondoa. Hakimu Ransley Thacker alilipwa na serikali pauni 20,000 mbali na mshahara wake. Na shahidi mkuu, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba alitoa ushahidi wa uongo kwa kuahidiwa masomo Uingereza. Serikali ikamshtaki kwa kiapo hicho cha pili, naye akafungwa.

Hukumu ilitolewa tarehe 8 Aprili 1953. Oneko alishinda rufani mwaka 1954, lakini hakuachiliwa, aliwekwa kizuizini. Kisha, mwaka 1969, aliwekwa kizuizini tena hadi 1975, bila kesi yoyote, na serikali ya mtu yule yule aliyesimama naye kizimbani Kapenguria. Tukumbuke jambo hili kila tunapodhani kwamba kubadilisha watawala kunatosha.

Kwa nini basi tuigize, tusisome tu? Kwa sababu kijana aliyesimama kizimbani hata kwa dakika kumi, akaulizwa maswali mbele ya kanisa zima, hatasahau kwamba ana haki ya kunyamaza. Watawala wamelijua hilo tangu zamani. Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo waliandika mchezo juu ya kesi ya Dedan Kimathi, aliyehukumiwa Nyeri mwaka 1956. Ulichezwa Nairobi mwaka 1976, na kwa Kiswahili unaitwa Mzalendo Kimathi. Mwaka uliofuata wanakijiji wa Kamiriithu walipigwa marufuku kuendelea na mchezo wao, na tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ akakamatwa. Wala msidhani kwamba hofu hiyo imekwisha. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda ubunifu wa sanaa; hata hivyo, Aprili 2025, wasichana wa Butere waliokuwa na amri ya Mahakama Kuu ya kuwaruhusu kuigiza waliondoka Nakuru bila kuigiza, na polisi wakarusha vitoa machozi.

Sasa tulitaje sharti letu. Hakimu wenu asiwe zimwi, wala kiongozi wa mashtaka asiwe mlevi wa kuchekwa. Mpeni kila mmoja hoja zake zenye nguvu. Mkimfanya mdhalimu mjinga, watazamaji watacheka, watarudi nyumbani, na siku ya kukutana na mdhalimu msomi hawatamtambua.

Mada mnazo hapa hapa. Igizeni habari za mjane anayefukuzwa na shemeji zake kutoka shamba la marehemu, ingawa Sheria ya Urithi inamtambua. Igizeni kijana wa bodaboda aliyekamatwa Jumatatu na kufikishwa mahakamani Alhamisi, hali Kifungu cha 49 kinataka afikishwe katika saa 24. Igizeni mama wa Kikuria anayesomewa mashtaka kwa Kiingereza bila mkalimani, ambaye Kifungu cha 50 kinamtaka apewe bila malipo. Na mkitaka kesi ya kale, chukueni ya 1958, wakati Tom Mboya wa Rusinga na wabunge wenzake Waafrika waliposhtakiwa Nairobi kwa kuwaita wapinzani wao vibaraka, wakatozwa faini. Mwulizane: uhuru wa kusema unaishia wapi, na heshima ya mtu inaanzia wapi?

Mahali pa kuigizia pia pana uzito. Kule Ruring'u, Nyeri, jengo la iliyokuwa mahakama ya wenyeji limekuwa makumbusho. Hapa kwetu, waulizeni wazee ni wapi mabaraza ya zamani yaliketi, mwombe ruhusa, mkaigize pale pale. Mtu aliyezoea kuingia chumba hicho akitetemeka na aingie mara moja akiwa mtazamaji, aketi, atazame.

Mchezo ukiisha, msipige makofi mkatawanyika. Mmoja wenu asimame aulize: haki ilipotea wapi, katika hatua gani, na nani angeweza kuizuia isipotee? Mkutano ujibu. Sisi mawakili tutakaa nyuma, tusahihishe sheria pale tu itakapokosewa.