Vidato vya Masomo na Majina Yake

Tumeagizwa kunena juu ya shule, nasi tumechagua jambo dogo, yaani majina tuwapayo wanafunzi kwa kadiri ya miaka yao ya masomo.

Katika shule ya msingi twahesabu madarasa. Mtoto akiingia sekondari huitwa wa kidato. Watu wa pwani wajua kidato ni nini: ni mkato autiao mkwezi katika shina la mnazi, apate mahali pa kuweka mguu. Waliochagua neno hilo walichagua vema, maana hakuna mkwezi aliyejenga nyumba katika kidato. Hukanyaga, akapita.

Huko Marekani miaka minne ya sekondari haina hesabu tu, bali kila mmoja una jina lake, na majina yale yale manne hurudi tena katika chuo kikuu. Basi kijana aliyemaliza akiwa mkubwa wa wote, mwaka ufuatao aitwa mgeni tena! Wala hesabu zenyewe hazidumu. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na vidato sita. Mfumo wa mwaka 1985 ukabakiza vinne. Na mtaala ulioanza mwaka 2017 umeleta gredi.

Lakini kwetu Tanzania liko jina lisilopita, nalo ni “darasa la saba.” Mtu aliyemaliza miaka ile saba asiendelee na sekondari, hata akiwa fundi hodari au mshauri wa kijiji, huitwa hivyo mpaka uzeeni, na mara nyingi kwa kicheko.

Nasi tumelitenda kosa hili. Tulipoandika daftari la wanakwaya tulitia safu ya elimu. Mama mmoja, ambaye ndiye aliyewafundisha wenzake sauti ya pili, aliona “la saba” mbele ya jina lake, akanyamaza. Jumapili mbili hakuja. Tulipomwendea nyumbani alitukaribisha kwa uji, ndipo akasema, “Mwalimu, miaka thelathini na miwili imepita. Je, bado nimo darasani?”

Hatukuwa na jibu. Tulikunywa uji wake, tukarudi, tukanunua daftari jingine. Hilo lina safu mbili tu, jina na sauti.