Kikomo cha Fedha si Kikomo cha Maneno

Hotuba kwa wawakilishi wa wakazi wa mipakani, Kacyiru, Kigali



Karibuni Kacyiru, ninyi mliotoka Rusumo, Gatuna, Rubavu na Rusizi. Redio za majirani zetu husikika majumbani mwenu, na kila msimu wa uchaguzi swali hurudi: je, kumwekea mgombea kikomo cha fedha ni kumfunga mdomo?

Wanaoitikia ndiyo wana hoja. Kipaza sauti hukodishwa na mafuta ya gari hununuliwa. Mgombea mgeni huhitaji zaidi ya aliyekwisha kuzoeleka. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kikomo cha matumizi kinabana uhuru wa kusema, ingawa ilikubali kikomo cha michango.

Sasa tutazame ng'ambo ya mto Akagera. Sheria ya uchaguzi ya Tanzania iliwahi kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu hivyo, kwani vilimpendelea mwenye nacho dhidi ya asiye nacho. Mwaka 2010 ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kenya ilitunga yake mwaka 2013, lakini uchaguzi wa 2022 ulifanyika bila ukomo kutumika, baada ya Bunge kuzikataa kanuni zake.

Ndugu zangu, tutenganishe mambo mawili. Ipo fedha inayofikisha neno sikioni. Kiwango chake na kijadiliwe. Ipo pia fedha inayotiwa kiganjani. Hiyo si neno. Anayekupa sabuni ili umchague hakukushawishi, bali amekununua unyamaze.

Askari naye ana mpaka wake. Si kazi yetu kupima hoja za mgombea, wala kumuuliza mwananchi anampenda nani. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mwenye nguo moja anasema kwa amani sawa na mwenye magari kumi. Nanyi mkiombwa kuvusha bahasha ya fedha za kampeni kwa siri, kataeni, mkatoe taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Siku ya uchaguzi, heri mkono mtupu ulioshika kura yake.