Hukumu ya Upande Mmoja: Siku Thelathini za Kuomba Kusikilizwa



Mvuvi anaweza kukaa kambini ziwani wiki kadhaa, kisha akarudi nyumbani na kuelezwa kwamba nyumba yake imo katika orodha ya mali zitakazopigwa mnada. Hakuwahi kusimama mbele ya hakimu wala kuulizwa neno. Shauri lilifunguliwa, likasikilizwa na kuamuliwa yeye akiwa hayupo. Hiyo ndiyo hukumu ya upande mmoja.

Hukumu ya namna hiyo ni halali, na hubaki na nguvu mpaka itenguliwe. Hata hivyo, Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Kwa sababu hiyo, sheria imemwachia mdaiwa njia ya kurudi mbele ya mahakama ileile iliyotoa hukumu na kuomba itenguliwe, ili shauri lisikilizwe upya pande zote zikiwapo.

Katika hatua hiyo mahakama haiulizi kwanza nani ana haki juu ya deni au shamba. Huuliza kwa nini mdaiwa hakufika. Sababu zinazokubalika ni mbili: wito haukumfikia kwa njia inayotakiwa na sheria, au ulimfikia lakini alizuiwa na jambo la msingi, kama vile kulazwa hospitalini. Kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai katika Mahakama za Mwanzo, za mwaka 1964, zinazitaja sababu hizo mbili.

Aliyekataa wito kwa makusudi asitarajie huruma. Mwaka 1967, katika shauri la Shah dhidi ya Mbogo nchini Kenya, mahakama ilieleza kuwa uwezo wa kutengua hukumu upo kwa ajili ya kuzuia dhuluma inayotokana na ajali au kosa linalosameheka, na si kwa ajili ya kumsaidia anayekusudia kuchelewesha haki.

Muda ni mfupi. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, maombi yanayopelekwa katika Mahakama ya Wilaya hutakiwa ndani ya siku 30. Kanuni za mwaka 2003 za Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya nazo zimeweka siku 30. Ni salama kuzihesabu tangu siku ya hukumu, na si siku ya kupata habari. Aliyechelewa huomba kwanza kuongezewa muda. Katika shauri la Lyamuya Construction la mwaka 2010, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba mwombaji atoe maelezo ya kipindi chote cha ucheleweshaji. Kwa mkazi wa Karema, aliye zaidi ya kilometa 100 kutoka Mpanda, kungoja wiki moja ni kupoteza sehemu kubwa ya nafasi yake.

Hatua za kufuata ni hizi. Mdaiwa aombe nakala ya hukumu na kukagua katika jalada namna wito ulivyopelekwa. Kisha aandae maombi pamoja na hati ya kiapo, akiambatanisha ushahidi kama vile cheti cha matibabu. Aombe pia amri ya kusimamisha utekelezaji, kwani kuwasilisha maombi peke yake hakumzuii dalali wa mahakama. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya mahakama; hivyo lugha isiwe kikwazo kwa mtu yeyote. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulizie watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Ifahamike pia kwamba mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wala Halmashauri hawana mamlaka ya kutengua hukumu. Mtendaji anaweza kuthibitisha kwa barua ukweli anaoufahamu, lakini siku zinazotumika kuzunguka ofisini zinahesabiwa.

Mwisho, kinga ianzie nyumbani. Mwenye nyumba asipopatikana, wito unaweza kukabidhiwa mtu mzima wa familia anayeishi naye. Anayeupokea asiuweke chini ya godoro akisubiri boti irudi. Amtafute mhusika siku hiyohiyo. Na mhusika, hata akijiona hana kosa, afike mahakamani siku aliyoitwa.