Mabaka ya Ngozi Anayozaliwa Nayo Mtoto



Mtoto azaliwapo, jambo la kwanza wafanyalo jamaa ni kumtazama mwili mzima: vidole vimetimia, macho yako sawa, sauti ina nguvu. Ndipo mara nyingine huonekana baka. Pengine ni la samawati juu ya matako, pengine ni jekundu usoni, pengine ni jeusi lenye nywele mgongoni. Papo hapo maneno huanza. Huyu husema mama alitamani chakula akanyimwa, yule husema alishtushwa na mnyama, na mwingine hunong'ona jambo baya zaidi. Fikira hizo si za Afrika peke yake. Waarabu huliita baka la namna hii kwa neno litokanalo na tamaa za mja mzito, na Waitalia vivyo hivyo. Lakini baka halitokani na chakula, wala hofu, wala kosa la mama. Mwili wa mtoto unapoumbika tumboni, chembe za rangi au mishipa midogo ya damu huweza kukusanyika au kupanuka mahali pamoja kuliko desturi, basi. Mama aliyefukuzwa kwa mumewe kwa ajili ya baka la mtoto amedhulumiwa.

Baka la samawati la kiunoni na matakoni ndilo lililo jepesi kuliko yote. Watoto wengi sana wa Kiafrika na wa Asia huzaliwa nalo. Haliumi, halihitaji dawa, na kwa kawaida hufifia lenyewe katika miaka ya utoto. Tabu yake ni moja tu: hufanana na vilio la damu la kipigo. Katika nchi za ng'ambo imepata kutokea wazazi wakahojiwa kwa kudhaniwa kuwa wamempiga mtoto wao. Kwa hiyo ni busara kumwomba muuguzi aliandike baka hilo katika kitabu cha kliniki tangu siku za kwanza. Alama ya kipigo hugeuka rangi na kutoweka kwa siku chache. Baka hili hukaa vile vile miezi na miezi.

Jambo lipasalo kuangaliwa sana ni uvimbe wa mishipa ya damu uitwao hemanjioma. Mara nyingi mtoto huzaliwa bila ya kuonekana kitu, au huonekana doa dogo tu. Baada ya wiki mbili tatu doa hilo huanza kuinuka, likawa jekundu. Na kwa mtoto mweusi pengine huonekana la zambarau, au uvimbe laini tu chini ya ngozi. Huwapata watoto wa kike zaidi, na hasa waliozaliwa kabla ya miezi kutimia. Hukua upesi mno, na aghalabu mtoto afikapo miezi mitano huwa limekwisha kukua. Baadaye hunywea polepole kwa miaka.

Hapa ndipo bibi wa mtoto asemapo, "Liacheni, litakwisha lenyewe." Bibi husema kweli, na kwa watoto walio wengi shauri lake ndilo shauri la daktari. Lakini liko baka lisilongoja. Uvimbe ulio juu ya kope hulifunika jicho au kulibana, na jicho la mtoto mchanga lisilotumika halijifunzi kuona; hata uvimbe ukinywea mwaka wa tatu au wa nne, uoni uliopotea haurudi kwa urahisi. Ulio kidevuni na shingoni pengine una mwenzake ndani ya koo, nao huziba pumzi. Ulio mdomoni au penye nepi huchubuka ukawa kidonda chenye maumivu makali. Tena, mtoto mwenye uvimbe wa namna hii mitano au zaidi hufaa apimwe ini. Watoto hawa wote yapasa waonwe na daktari mapema, kabla ya mwezi wa pili kwisha. Bahati njema ni kwamba mama wa Kenya humpeleka mtoto kuchanjwa akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14, nazo ndizo wiki zenyewe uvimbe ukuapo. Asiondoke bila ya kuuonyesha.

Dawa yake ilipatikana kwa sadfa. Katika mji wa Bordeaux, Ufaransa, daktari Christine Léauté-Labrèze na wenzake walikuwa na mtoto mwenye uvimbe puani, ambaye moyo wake uliingia taabu. Walimpa propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu iliyokuwa ikitumika tangu miaka ya 1960. Siku ya pili yake uvimbe ulikwisha badilika rangi na kulainika. Walijaribu kwa wengine, wakatangaza habari hiyo mwaka 2008, na leo ndiyo dawa ya kwanza kwa uvimbe wenye hatari. Hata hivyo, asithubutu mzazi kuvunja kidonge cha babu na kumpa mtoto. Dawa hii huweza kushusha sukari ya damu na kupunguza mapigo ya moyo; hupimwa kwa uzito wa mtoto, hutolewa pamoja na kunyonya, na husimamishwa kwa muda mtoto akitapika au akikataa maziwa.

Baka la namna nyingine ni lile jekundu kama divai, lililo bapa, ambalo mtoto huzaliwa nalo wala halimwachi. Mikhail Gorbachev, aliyeongoza Muungano wa Sovieti tangu 1985 hata 1991, alikuwa nalo kichwani mbele ya macho ya ulimwengu mzima. Mwaka 2013 wataalamu waligundua badiliko dogo la urithi lililo asili yake. Hutokea kwa mtoto mwenyewe tumboni, halirithiwi kwa baba wala mama. Likiwa kwenye paji la uso au kope, mtoto apimwe macho, na wazazi wajihadhari na kifafa. Matibabu yake ni mwanga wa leza, unaochoma mishipa iliyo chini ya ngozi. Hurudiwa mara nyingi, hulififiza baka, na ni mara chache kulifuta kabisa. Kwa ngozi nyeusi iko shida zaidi: rangi ya ngozi huunyonya mwanga kabla haujafika kwenye mshipa, pakabaki doa jeusi au jeupe. Mgonjwa amwulize tabibu kama amezoea ngozi nyeusi, na kipande kidogo kijaribiwe kwanza.

Madoa ya kahawia hayadhuru, ila yakiwa sita au zaidi, yenye upana uliopita milimita 5 kwa mtoto, daktari hutafuta maradhi fulani ya neva. Baka jeusi kubwa sana hutazamwa kila mwaka. Likiota kinundu au likitoka damu, lisingojwe.

Watu wengine hulichoma baka kwa moto, au hulipaka maji ya betri, au krimu za kung'arisha ngozi. Moto na maji ya betri huacha kovu baya kuliko baka lenyewe, na krimu zenye zebaki huharibu figo za mtoto.

Mzazi mwenye simu ya mkononi anaweza kupiga picha ya baka kila Jumapili, na sarafu ya shilingi kando yake, mahali pamoja na saa moja. Picha nne za namna hiyo zitamwonyesha daktari, kwa dakika moja, kama baka linakua au limesimama.